Mchekeshaji Asijue Kwamba Anachekesha

Vuta kiti karibu na redio, na kama runinga ya sebuleni imewashwa, ipunguze sauti kidogo, maana leo tunaisema runinga yenyewe.

Mimi ni mtazamaji. Sijawahi kushika kamera wala kusimama jukwaani. Nilichonacho ni miaka mingi ya kukaa mbele ya kioo, tangu enzi za kibanda umiza cha mtaani kwetu, tulikoingia kwa sarafu tukabanana kwenye mabenchi, mpaka leo ambapo king'amuzi kiko ndani na simu iko mfukoni. Katika miaka hiyo nimejiwekea kipimo kimoja cha vichekesho, na kila ninachokitazama nakipitisha hapo. Nauliza: huyu ninayemwona anajua kwamba anachekesha? Akijua, sicheki. Asipojua, akiwa amekaza uso na kuzama katika shida yake kana kwamba nyumba inaungua, hapo sina mbavu.

Mchukue Papa Shirandula, yule wa Citizen ya Kenya. Marehemu Charles Bukeko alikuwa mtu wa mwili mkubwa na uso mpole, na kipindi chake kilikaa hewani miaka mingi. Hadithi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mzee anatoka nyumbani asubuhi na suti na tai. Mkewe Wilbroda, aliyeigizwa na Jacky Nyaminde, anaamini mumewe ni mtu mkubwa ofisini. Mzee akifika kazini, anavua suti, anavaa sare ya ulinzi, anasimama getini. Jioni anarudia suti yake, anakwenda kula chakula cha bosi. Basi. Siku mke akiamua kupita ofisini bila taarifa, utamwona Papa akihangaika na vifungo vya sare huku jasho linamtoka, na wewe uliyeko Tanga au Kakamega unashika tumbo.

Sasa nionyeshe nani katika kisa hicho anatania. Hakuna. Papa anaogopa kikwelikweli. Kutwa analinda geti la watu, na muda huohuo analinda heshima yake nyumbani, na kazi hii ya pili ndiyo inayomtoa jasho. Miji yetu imejaa walinzi. Wengi wana wake na watoto kijijini wanaosema baba yuko mjini ana kazi nzuri. Waandishi wa kipindi kile waliiona aibu hiyo ndogo inayowauma watu wengi, wakaiweka mezani bila kumdhalilisha hata mlinzi mmoja. Bukeko alipofariki tarehe 18 Julai 2020, nilihuzunika kama niliyefiwa na jirani wa ukuta kwa ukuta.

Kabla yake kulikuwa na Vitimbi vya KBC, na hapo nina neno juu ya lafudhi, kwa sababu siku hizi lafudhi ndiyo silaha ya kila mtu anayetaka kuchekesha haraka. Mzee Ojwang', mhusika wa kipindi hicho, alizungumza Kiswahili cha Mjaluo, mwanzo mpaka mwisho. Lakini Benson Wanjau, aliyemwigiza, alikuwa Mkikuyu. Fikiria hilo. Na Mama Kayai, mkewe wa kwenye mchezo, ni Mary Khavere, mama wa Kiluhya. Watu wawili wa makabila mengine wakaishi ndani ya nyumba ya Kijaluo kwa miaka na miaka, na Wajaluo wenyewe wakawapenda. Iliwezekanaje? Iliwezekana kwa sababu Ojwang' alikuwa na wivu, ukaidi, tamaa, huruma na mipango inayobomoka. Lafudhi ilikuwa nguo tu, na ndani ya nguo alikuwamo mtu. Nikitazama baadhi ya vichekesho vya sasa, hapa kwetu na kule Kenya, naiona nguo inatembea peke yake. Kijana anaiga Kisukuma au Kimakonde au Kikamba kwa dakika nzima, na ukimwuliza huyo mtu anataka nini maishani, hana jibu.

Nikitaja KBC siwezi kuiruka Vioja Mahakamani. Chumba kimoja, kizimba kimoja, hakimu mmoja. Mshtakiwa anapanda kizimbani kwa kosa la kuku au deni la pombe, anajitetea kwa ukali kama mtu anayekabiliwa na kitanzi. Othorong'ong'o, Makokha, Ondiek Nyuka Kwota: hao walituchekesha kwa mdomo na sura tu. Wale wanaosema vichekesho vyetu ni dhaifu kwa kukosa fedha wakakitazame kipindi kile, kisha waje tuzungumze.

Huku Tanzania, mwalimu wangu ni Mzee Majuto. Amri Athumani, mwana wa Tanga, aliyetutoka tarehe 8 Agosti 2018. Watu humkumbuka kwa maneno yake makali ya haraka, lakini mimi namkumbuka kwa hasira. Majuto alikasirika vizuri kuliko mwigizaji yeyote niliyewahi kumwona. Akiwa mzee bahili, ubahili ulimuuma mpaka kwenye mifupa. Akiwa mzee anayemtamani binti wa watu, alitamani kwa dhati, na alipofumaniwa aliona haya kwa dhati. Hukuwahi kumkuta anakukonyeza pembeni kukuambia, "Hapa nachekesha." Na walipomkutanisha na Sharo Milionea, Hussein Mkiety wa Muheza, mambo yakakamilika. Upande mmoja mzee wa shamba, upande mwingine sharobaro anayetembea kwa madaha na kuzungumza kama mtoto wa tajiri hali mfukoni hana kitu. Mzee haelewi kijana huyu ameumbwaje. Kijana haelewi kwa nini mzee haoni ubishoo wake. Kila mmoja ana hakika yeye ndiye mwenye akili. Sharo alikufa kwa ajali ya gari mkoani Tanga mwezi Novemba 2012, na mpaka leo sijaona jozi nyingine iliyokaa vile.

Lakini nikiwa mkweli, filamu zenyewe zilizowabeba hazikuwa nzuri kama wao. Tulizinunua, tunazikumbuka. Hadithi ya saa moja ilikatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili ili ziuzwe diski mbili, kwa hiyo ilibidi ivutwe kama mpira. Gari linaingia getini, geti linafungwa, mtu anashuka, anapanda ngazi, anabisha hodi, anasubiri, na muziki unapiga. Dakika tano zimekwisha na hakuna aliyesema neno. Ulikuwa unavumilia hayo yote ukimsubiri Majuto aingie. Filamu nzima ilikuwa imeegeshwa juu ya mgongo wa mtu mmoja.

Na mtu huyo aliwezaje? Hapa ndipo moyo wangu ulipo jioni hii. Katika filamu zetu nyingi za vichekesho mwigizaji hapewi maneno. Anaambiwa, "Wewe ni baba, huyu mwanao, amerudi bila ada. Haya, anza." Maneno anajitungia papo hapo. Kwa Majuto hilo liliwezekana, kwa sababu alitoka katika zama za jukwaa. Waliokuwepo Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka maonyesho ya vikundi kama Muungano na TOT, usiku mmoja una ngoma, sarakasi, taarabu, igizo, na katikati yake kichekesho. Mbele ya ukumbi uliojaa, hadhira iliyolipa kiingilio, mchekeshaji aliyekosea aliona mwenyewe watu wakigeuza viti na kuanza soga zao. Kizazi kile kilijifunza usiku baada ya usiku ni neno gani linafanya kazi na neno gani linakufa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "anza", ana ghala kichwani.

Kijana wa leo mwenye kipaji kilekile, asiyekuwa na ghala hilo, ukimwambia "anza", atarudia sentensi moja mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Simlaumu yeye. Amenyimwa jukwaa, na amenyimwa karatasi pia.

Ze Comedy walikuwa na nini? Tuliwapenda pale EATV, wakahamia TBC1 na jina la Orijino Komedi. Joti, Masanja, Mpoki, McRegan, Wakuvanga, Vengu. Kilichowabeba ni maandalizi. Taarifa yao ya habari, Masanja akiwa kwenye kiti cha msomaji, ilifuata adabu zote za taarifa ya kweli: salamu, vichwa vya habari, mwandishi aliyeko eneo la tukio. Mtangazaji hakutabasamu. Ndiyo maana upuuzi uliofuata ulituangusha chini. Na Joti akigeuka bibi kizee, utamwona jinsi anavyoketi, anavyorekebisha khanga, anavyovuta pumzi kabla ya kujibu. Yule ni mtu aliyeketi na mabibi akawatazama. Nasema hivyo kwa sababu baada yao limekuja wimbi la wanaume waliovaa magauni, na wengi wao gauni ndilo kichekesho chote. Gauni, wigi, na kiuno cha kubandika. Hapana. Mama zetu wana mengi ya kuchekesha kuliko umbo.

Hilo linanifikisha kwenye jambo linalonikera kabisa, na nitalisema wazi. Bado tunawachukua watu wafupi, watu wenye ulemavu, watu wanene, tunawasimamisha mbele ya kamera na kuliachia umbo lao kazi yote. Anaingia, muziki wa katuni unalia, basi tucheke. Wengi wa wasanii hao wana uwezo mkubwa. Wanigeria waliwapa Osita Iheme na Chinedu Ikedieze, wale tuliowajua kama Aki na Pawpaw, ujanja, hila, ugomvi na mapenzi ya kindugu. Udogo wa miili yao uliwafanya watu wazima wawachukulie kama watoto, na wao wakautumia udanganyifu huo kupata wanachotaka. Hiyo ni hadithi. Wetu wanastahili hadithi pia.

Na ile milio jamani! Mtu akishangaa, *tuuu*. Akiteleza, *pyuuu*. Mzaha ukitolewa, vicheko vya kubandika vinamiminika. Nimetazama vipindi ambavyo sikuweza kusikia mazungumzo kwa sababu ya milio. Mhariri wa picha anayebandika mlio juu ya neno la mwigizaji anaonyesha kwamba hajaliamini neno lile. Kama neno halifai, liandikwe upya. Kama linafaa, liacheni lisikike.

Sasa msije mkadhani nakaa nikiyalilia ya kale. Viko vingi vya sasa ninavyovipenda. Njugush wa Kenya na mkewe Wakavinye wananifurahisha kila ninapowakuta, kwa sababu ugomvi wao ni ule wa nyumba zote: fedha ndogo, mgeni asiyetarajiwa, mume anayejifanya hakusikia. Hawapigi kelele. Njugush anakutazama na macho ya mtu aliyeonewa na dunia, na hilo linatosha. Crazy Kennar, aliyeanza na wenzake wanafunzi pale chuo kikuu cha JKUAT, ana mbio na mpangilio, na unaona wazi kwamba wamekaa wakafikiri kabla ya kurekodi. Anne Kansiime wa Uganda nilimfuata alipokuwa akionyeshwa Citizen, na yeye ndiye mfano mzuri kabisa wa kipimo changu: mwanamke mwenye hakika kamili kwamba dunia yote imekosea na yeye yuko sawa.

Tatizo la klipu ya mtandaoni, wanakopatikana wengi wa hawa, ni kwamba haikai. Dakika moja, umecheka, kidole kimeshasogea. Inatosha kwa mzaha mmoja, haitoshi kumjenga mtu ambaye wiki ijayo utajiuliza amefikia wapi na uongo wake. Wachekeshaji wetu hodari wanajipatia riziki yao huko mtandaoni, na sina kinyongo nao hata kidogo, lakini wakiitwa kwenye kipindi cha nusu saa, wanaleta dakika moja mara thelathini.

Upande wa tamthilia ndefu, mambo yamenyooka kuliko upande wa vichekesho, na lazima tujiulize kwa nini. Jua Kali ya Lamata pale Maisha Magic Bongo nimeifuata kwa kiu, ingawa kuna miezi inajivuta. Sultana ya Citizen ilinipa raha ya kipekee: kusikia Kiswahili cha pwani, chenye adabu zake na vijembe vyake, katika saa ya watazamaji wengi, kwenye kituo cha Nairobi. Na ukitazama vizuri, mara nyingi kicheko kizuri kabisa cha wiki utakipata ndani ya tamthilia za aina hii, kwa shangazi mmbea au mpangaji asiyelipa kodi, wala si katika kipindi kilichoandikwa "vichekesho" kwenye ratiba. Sababu ni kwamba tamthilia inaandikwa. Haiwezekani kwenda sehemu mia bila kuandika. Vichekesho tunadhani vinajiotea tu.

Nilitazama pia Disconnect ya Tosh Gitonga, ya mwaka 2018, filamu ya marafiki wa Nairobi wanaotafuta wenza. Imepigwa vizuri, waigizaji wake wanapendeza, na imeandikwa. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza zaidi, na mimi nilicheka hasa pale walipoteleza kwenye Sheng. Mtu akikasirika sana, au akiona aibu sana, hurudi kwenye lugha iliyomlea. Mwandishi wa vichekesho angepaswa kumsubiri pale.

Niwape mfano mmoja ambao utawashangaza vijana. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Sehemu 36 za binti aliyeolewa na kujikuta kati ya wazazi wenye matakwa yao. Hakuna mtu aliyeanguka kwenye ndoo ya maji. Hakuna aliyevaa wigi. Lakini kina mama wa mtaani kwetu waliacha mboga jikoni wakakimbilia sebuleni. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping, alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013, aliitaja tamthilia hiyo kwenye hotuba yake. Vichekesho vyepesi vya Beijing vimevuka bahari, vimebadilishwa lugha, vimesomwa na sauti za watu wengine kabisa, na bado vinachekesha Manzese. Kilichovuka ni nini, kama si maandishi? Sura zilibaki za Kichina, sauti zilibadilika, lakini yule mama mkwe alikuwa ameandikwa akaandikika.

Nakubali kuna upande wa pili. Lufufu, sauti ile iliyotutafsiria filamu za nje kwenye vibanda umiza, na DJ Afro kwa ndugu zetu wa Kenya, walichukua filamu za ngumi na risasi wakazigeuza vichekesho bila karatasi yoyote. Jambazi wa Hong Kong akaanza kudaiwa kodi ya nyumba. Nawaheshimu sana. Lakini hata wao walikuwa wamepanda juu ya hadithi iliyokwisha andikwa na mtu mwingine. Walijua shujaa anataka nini na adui yuko wapi, wakapata nafasi ya kucheza. Ondoa hadithi ile, uwape ukuta mweupe, sidhani kama wangefika dakika kumi.

Na sisi wa redio tunalijua hili kuliko wengine. Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam hawakuwa na sura wala mavazi. Ulisikia wajanja wawili wakipanga hila, na ulijua itawageukia, ukabaki umeganda penye redio ya betri mpaka igeuke. Watoto wa nyumba nzima tulinyamazishwa wakati wao. Kilikuwa ni kisa na ulimi, hakuna kingine.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wenye vituo vya runinga, mwajirini mwandishi wa vichekesho, mmoja tu kwa kuanzia, mlipeni mshahara wa mwezi kama mnavyomlipa mpiga picha, na mpeni wiki mbili kabla ya kamera kuwashwa. Jina lake liwekwe mwanzo wa kipindi, kwa herufi zinazosomeka.

Na wewe msikilizaji, kesho usiku kipindi unachokipenda kikiisha, usibadilishe chaneli upesi. Ngoja majina yapite. Msanii unamjua tayari. Tafuta jina la aliyeandika. Usipoliona, wapigie simu kituoni uwaulize.